Ova Sita Zilizobaki

4 Februari

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua asubuhi, ikifika saa sita yanatulia, naye akiona yametulia anatafuta kazi ya kuyaamsha tena. Mimi sijambo. Karakana ya meno inakwenda. Wiki iliyopita nilimtengenezea mzee mmoja meno ya bandia, juu na chini. Akaja akasema yanabana, nikayakwangua. Kesho yake akarudi, yanalegea. Nikamwambia, "Baba, mimi natengeneza meno, sitengenezi mdomo." Akacheka hadi yakamtoka. Kwa hiyo kweli yalikuwa yanalegea.

Karani wa posta sasa ananiita Bibi Stempu. Anasema bila mimi na wewe dirisha lake lingeshafungwa.

Nina jambo. Klabu inajenga lango jipya la uwanja, na wamekubaliana lipewe jina la mpigaji bora wa mechi za kriketi za siku moja tangu klabu ianze. Jina moja tu. Yamebaki mawili: Fundi Saa, yaani marehemu baba yangu, mdogo wako; na Nyundo, mwanao. Kamati ina watu sita, watatu wako huku na watatu kule. Wamepiga kura mara mbili, wamegombana mara nyingi zaidi. Mmoja anasema, "Siku zile hata kofia ya chuma hawakuwa nayo!" Mwenzake anamjibu, "Siku zile hata warushaji hawakuwa nao!"

Basi mjumbe mmoja akapendekeza uamue wewe. Ulikuwa mwandishi wa alama wa klabu kwa miaka kumi na minne, na kitabu cha enzi za baba unacho wewe. Wote wakakubali kwamba utakalosema ndilo litakalopakwa rangi. Wanataka jibu kabla ya Juni kwisha, na wanataka kitabu chenyewe kirudi. Kanuni ya klabu unaijua kuliko mimi: kisichoandikwa kitabuni hakikutokea.

Sitakuambia mimi namtaka nani. Usiniulize.

Mwanao wa karakanani

*

27 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mpe shemeji pole ya magoti. Hapa tuko salama kwa kadiri ya umri. Chumba ni kilekile, ghorofa ya nne, juu ya dobi. Mvuke wa pasi zake hupanda mpaka dirishani kwangu, na kuna siku shati hunyooka nikiwa nimelivaa. Ni miaka minane tangu nistaafu stoo ya mashuka ya hospitali, lakini nikiona shuka bado nahesabu mikunjo. Ile simu unayonihimiza ninunue sitainunua. Sikio la kulia limekufa, na karatasi haikatiki katikati ya sentensi.

Nimelisoma ombi la kamati mara tatu. Nimekubali, kwa masharti ya kazi.

Watu wanaolinganisha wapigaji wa enzi mbili hukosea tangu hatua ya kwanza. Huchukua mikimbio ya huyu wakailaza kando ya mikimbio ya yule, kana kwamba wote walikanyaga nyasi zilezile. Fundi Saa alicheza mechi za ova arobaini, kila ova mipira sita ya mrushaji mmoja. Nyasi zilifyekwa Ijumaa, na Jumapili zilikuwa zimekwisha kusahau. Mpira uliopigwa kwa nguvu zote ulikwenda hatua hamsini ukachoka. Na mpira wenyewe tuliushona upya kila ulipopasuka, ukawa unayumba hewani kama mlevi anayetafuta kwao. Kichwa mtu alikilinda kwa akili iliyokuwa ndani yake. Mpigaji wa siku zile akifikisha ishirini alipewa mkono.

Leo, kwa ninavyosoma, ni ova hamsini, magongo yana unene wa mlango, kamba ya mpaka imevutwa ndani, na katika ova za mwanzo wakamataji wengi wanalazimishwa kukaa karibu. Mtu atasema basi wa leo wamerahisishiwa. Si lazima. Mrushaji wa leo amefundishwa, ameangalia picha zako, anaujua udhaifu wako kabla hujafunga kamba za viatu. Sisi warushaji wetu walikuwa karani, mwashi, na bwana mmoja ambaye mkewe hakumtaka nyumbani Jumapili.

Kwa hiyo njia ya haki ni moja. Usimpime mtu wa jana kwa mtu wa leo. Mpime kila mmoja kwa wenzake, waliopiga mpira uleule siku ileile. Chukua wastani wake, yaani mikimbio kugawanya kwa mara alizotolewa, ugawanye kwa wastani wa wapigaji wenzake watano waliokuwa naye katika nafasi sita za juu. Aliyewazidi wenzake kwa mara nyingi zaidi ndiye bora. Suala la kasi tutaliangalia vivyo hivyo.

Hesabu za Fundi Saa ninazo. Za mchezaji wa pili sina. Nakuomba unakili kutoka vitabu vya klabu: mchezaji wa pili ameingia kupiga mara ngapi, mara ngapi hakutolewa, mikimbio mingapi, mipira mingapi. Na za wenzake pia.

Kitabu cha kijani kiko salama.

Baba yako Mkubwa

*

21 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mama amekatazwa na daktari kupanda ngazi, kwa hiyo sasa anazipanda sisi tukiwa kazini. Wajukuu zako wawili wamefunga shule. Nyumba imekuwa soko.

Hesabu ulizotaka ziko kwenye karatasi tatu za nyuma. Nilizinakili saa za chakula, siku kumi na moja, ndani ya stoo ya klabu, katikati ya magongo mabovu na harufu ya soksi. Mtunza stoo alinitazama siku nne, ya tano akauliza, "Dada, hivi unakagua au umependa?" Nikamwambia nakagua. "Afadhali," akasema, "maana wanaopenda hawarudishi kalamu."

Kwa ufupi: Nyundo ameingia mara mia moja na arobaini, hakutolewa mara ishirini na moja, ana mikimbio 6,264. Wenzake watano kwa pamoja wana wastani wa 23.5. Nimehakikisha mara mbili.

Sasa nami nina la kusema. Barua yako yote unamwita "mchezaji wa pili." Ana jina. Alipewa na wewe. Na kama lile ni zito mdomoni, hata la utani lipo, mji mzima unalitumia.

Hukuuliza anapigaje, lakini nitakuambia. Jumamosi nilikwenda makusudi. Aliingia wa tatu. Ana miaka thelathini na minane, mgongo umeanza kumdai, wiki nzima yuko kwenye lori la maji na mabomba anayavuta mwenyewe. Anatembea kwenda katikati kana kwamba ametumwa dukani. Mashabiki wa wageni wakaanza, "Nyundo, leo misumari iko wapi?" Naye bila kugeuka, "Muulizeni mrushaji wenu, ndiye anayeileta." Alipiga themanini na tatu. Hapigi juu ovyo kama vijana. Anaungoja mpira hadi unadhani amechelewa, kisha unausikia tu kambani. Baba alikuwa akisema amejifunza kungoja akiwa mdogo sana.

Anashika gongo kwa mkono wa kushoto. Hilo nalo unalijua. Nilikuwa na miaka saba lakini nakumbuka mezani ulimhamishia kijiko mkono wa kulia, naye kila ukigeuka anakirudisha.

Tuma kitabu. Kamati imeuliza.

Bibi Stempu

*

30 Aprili

Binti yangu,

Natumaini mko wazima, na shemeji anamsikiliza daktari japo kwa sikio moja. Mimi nilikuwa na kikohozi, kimekwisha. Dobi wa chini amebadilisha mashine, ya sasa inatikisa sakafu, kikombe kinatembea chenyewe juu ya meza. Nimekiwekea kitambaa.

Niwie radhi kwa kuchelewa. Karatasi zako ni safi. Kuna kosa moja tu, ukurasa wa pili, mstari wa tisa: umeandika 46, jumla inadai 64. Nimerekebisha.

Nimeanza na kasi. Fundi Saa alipata mikimbio yake kwa kasi iliyozidi ya wenzake kwa karibu moja ya tano. Mchezaji wa sasa naye, moja ya tano, tofauti haifiki mkimbio mmoja katika mipira mia. Sikutegemea. Watu watakuambia vijana wa leo wana haraka, lakini ukiondoa haraka ya zama zao unabaki na watu wawili wenye mwendo uleule. Kwa hiyo kasi haiamui. Itaamua wastani, na wastani nao umekaribiana kwa unywele. Sijataka kusema kabla sijawa na uhakika.

Ningependa kujua mambo machache zaidi. Mrushaji wa polepole, anamchezaje: anatoka kumfuata au anamngojea ndani? Akikosa mpira, anautazama ulikopita au anatazama gongo? Anazungumza na mwenzake kati ya ova? Anaporudi akiwa ametolewa, huvua glavu njiani au akishafika? Fundi Saa alivua ya kushoto njiani, ya kulia akifika kwenye kiti, kila mara, hata siku alizotolewa kwa sifuri.

Maswali haya hayamo katika hesabu. Ni kwa ajili ya kuelewa.

Kuhusu kitabu: huku mvua ni nyingi na posta hawafungi vifurushi vizuri. Jalada limeachia upande mmoja. Nitakitafutia gundi kwanza.

Baba yako Mkubwa

*

19 Mei

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Wote wazima.

Gundi inauzwa kila mahali duniani. Miezi mitatu unaniambia kitabu kiko salama. Salama na nani?

Anamngojea ndani. Anautazama ulikopita. Hazungumzi. Glavu huvua zote mbili akishaketi. Umeridhika? Ungetaka kujua zaidi ungemuuliza, anuani yake ni hii yangu, anakaa mlango wa pili.

Kuna jambo nilikuficha mwezi wa pili. Yule mjumbe aliyependekeza uamue wewe ni Nyundo mwenyewe. Yumo kwenye kamati. Siku ile watu wakipigana kelele alisimama akasema, "Mpeni Mzee wa Kitabu apime. Hiyo ndiyo kazi anayoiweza." Mwenyekiti akadhani ni heshima, akaandika kwenye kumbukumbu. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma na ninajua haikuwa heshima.

Na la pili, kwa kuwa nimeshaanza. Unajua kwa nini baba hakucheza tena baada ya fainali ile ya siku uliyoondoka? Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Watoto tulikuwa wawili, na Nyundo tukawa watatu. Jumapili akawa anakaa mezani na saa za watu, lenzi jichoni. Nyundo alipofika miaka kumi alimtengenezea gongo la kwanza kwa mkono, akalipunguza mpini. Hakuwahi kulalamika. Ndiyo maana naandika mimi, maana yeye hayo hakuyaandika.

Kamati inakutana tarehe 28 Juni.

Mimi

*

11 Juni

Binti yangu,

Salamu kwako, kwa shemeji, na kwa wote mlango wa kwanza na wa pili.

Kitabu kimeondoka jana kwa posta ya rejesta. Hakikuhitaji gundi. Sababu ya kukichelewesha ni hii.

Siku ya fainali nilikuwa mezani kwangu kando ya uwanja. Tulikuwa tukipiga wa pili. Mwisho wa ova ya thelathini na nne, Fundi Saa alikuwa na sabini na moja. Msahihishaji mwenzangu wa kiwanda cha chapa akaja nyuma ya kiti akaniambia, "Wamefika kiwandani. Wameuliza jina lako." Siku zile watu walikuwa wakichukuliwa kazini na watu wa serikali na hawarudi, nawe ulikuwa mdogo lakini nadhani ulisikia. Nikasimama. Nikaweka penseli mfukoni na kitabu mkobani, kama nilivyofanya kila Jumapili kwa miaka kumi na minne. Nilikuwa nimefika karibu na mpaka wa nchi nilipogundua nimekichukua. Hakuna aliyeweza kuandika ova sita zilizobaki, kwa sababu hakukuwa na kitabu cha kuziandika. Cha wageni kiliharibiwa na mafuriko, na gazeti la wiki ile halikutoka. Kwa kanuni ya klabu, mdogo wangu alibaki na sabini na moja.

Mtoto alikuwa amelala kwenu baada ya chakula cha mchana. Mama yake tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Njia niliyopita ilikuwa mitaa miwili kutoka mlangoni kwenu. Sikupita. Nilifikiri ni jambo la wiki moja.

Baada ya miezi miwili baba yako alinipata kwa barua. Aliandika ova zote sita, mpira kwa mpira, kwa kumbukumbu, ili nikamilishe kitabu. Mia moja na kumi na nane, hakutolewa, na tulishinda. Barua hiyo nimeifunga pamoja na kitabu, mtaiona. Mstari wa mwisho ameandika: "Mtoto anakuuliza kila jioni. Nimwambie nini?"

Nilijibu kwamba ova ya thelathini na nane ameandika mipira saba, nayo ova ina sita.

Hayo ndiyo yalikuwa majibu yangu yote. Niliisoma kabla ya kuifunga bahasha, nikaona haina kosa. Yeye akajibu kwa mstari mmoja: "Mmoja ulikuwa mpana." Ni kweli, mpira uliopita mbali na mpigaji hauhesabiwi, unarudiwa. Nilipaswa kujua. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena kuhusu mtoto, nami sikuuliza. Tuliandikiana miaka thelathini na mbili kuhusu afya, bei na hali ya hewa, hadi ulipoandika wewe kwamba amefariki.

Ova sita sikuziandika kitabuni. Mwanzo nilijiambia ni kwa sababu sikuziona kwa macho. Baadaye sikujiambia kitu. Ilipofika miaka ya kuweza kurudi, nilikuwa nimeshazoea kutorudi, na mazoea hayaombi sababu.

Sasa hesabu. Fundi Saa aliingia mara sitini na mbili, hakutolewa mara tisa. Kwa sabini na moja ya kitabuni, wastani wake ni 41.00. Wenzake walikuwa na 18.5. Aliwazidi mara 2.22. Nyundo ana 52.64, wenzake 23.5, amewazidi mara 2.24. Lango ni la Nyundo.

Kwa mia moja na kumi na nane, wastani wa Fundi Saa ni 41.89. Mara 2.26. Lango ni la Fundi Saa.

Utaona ilivyo. Ningeuacha ukurasa kama ulivyo, mwanangu angepata lango, na hakuna mtu angeniuliza neno. Nilikaa na ukurasa huo wiki tatu. Nilitaka kumpa kitu. Lakini kingekuwa ni kitu cha mtu mwingine, tena cha mtu aliyemlea.

Nimeandika ova sita. Nimetumia wino wa bluu ili asije mtu akadhani ni za siku ile, nikatia sahihi na tarehe ya mwezi huu. Uamuzi wangu ni Fundi Saa.

Mwonyeshe Nyundo barua hii kabla ya kamati. Yote, na hilo la mipira saba.

Baba yako Mkubwa

*

8 Julai

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mama mzima. Nilimsomea barua yako, akasema, "Nilikuwa nimemlaza chumba cha mbele ili akija asihangaike kumtafuta." Kisha akaomba maji.

Kitabu kilifika tarehe 24. Nilimwita Nyundo karakanani, sikutaka tufanye nyumbani. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye lori, mikono ya shati imelowa mpaka viwikoni. Nikasogeza mataya ya plasta, akaketi kwenye benchi yangu. Akasoma barua yako kwanza, kisha ya baba, kisha akafungua kitabu akaenda nacho mpira kwa mpira kwa kidole, hadi wa mwisho. Ilichukua karibu saa nzima. Mteja alibisha akiulizia meno ya mkewe, Nyundo akamjibu bila kuinua kichwa, "Kesho. Leo ale uji."

Alipomaliza akacheka. Sijui kama kilikuwa kicheko.

"Kwa hiyo baba aliuliza," akasema, "na jibu likawa mipira saba."

Baadaye nikamuuliza kuhusu uamuzi. Akasema, "Amehesabu sawasawa. Angenipa mimi hilo lango ningeling'oa."

Mbele ya kamati alisoma ukurasa mwenyewe, kwa sauti. Sita kwa sita, hakuna aliyepinga. Mwenyekiti alitaka kutoa hotuba, wakamwambia aketi. Jumapili iliyopita fundi rangi aliandika jina la baba. Ngazi ilikuwa inacheza, Nyundo akaishika chini mpaka herufi ya mwisho, rangi ikimdondokea begani.

Nilimwomba akuandikie. Amekataa. Nikamwambia basi nikuandikie kwa niaba yake. Akafikiri, akafunga mlango wa lori, akaufungua tena. Akasema, "Mwambie tarehe 27 Septemba ndiyo mechi yangu ya mwisho. Mgongo umegoma. Nitaingia wa tatu."

Nikauliza, "Niseme unamwalika?"

"Simwaliki. Namwambia tarehe."

Nimeandika kama alivyosema.

Binti yako

*

2 Agosti

Binti yangu,

Marahaba. Mwambie shemeji nimepata ujumbe wake wa chumba cha mbele.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya hati za kusafiria. Kuna viti vya plastiki vilivyofungwa kwa mnyororo na namba zinazoitwa kwenye kioo. Nilipata namba 88. Fomu ina kurasa tatu. Ina makosa mawili ya chapa, nikayapita kimya.

Karani ni msichana wa umri wa mwanao mkubwa, mpole, anasoma kila mstari kwa sauti ili kuhakiki. Akauliza, "Babu, unakwenda kufanya nini?"

"Kuangalia kriketi."

"Hiyo haitakubalika. Kuna mtu unayemtembelea?"

"Yupo."

"Andika jina lake hapa. Na hapa, wewe ni nani wake."

Niliandika jina lake lote, lile nililompa. Kwenye nafasi ya pili nikaandika: baba. Akalisoma kwa sauti kama mengine, akaendelea. Nafasi iliyofuata ilitaka tarehe tuliyoonana mara ya mwisho. Niliijua siku, mwezi na mwaka, nikajaza. Hapo akasita. Akageuza karatasi kunielekea, akaweka kalamu chini ya mwaka.

"Babu, nadhani hapa umekosea."

Nikamwambia sikukosea.

Akagonga mhuri. Majibu huchukua kati ya wiki sita na kumi. Tangu Jumatatu hiyo hadi mechi ni wiki nane na siku chache. Wakikubali katika wiki ya saba nitafika, wakikubali katika ya tisa sitafika, na hakuna wa kumhimiza.

Mwambie nimeomba. Mpaka leo hilo ndilo ninaloweza kumwambia kwa hakika.

Baba Mkubwa